Baba mkwe aliikalia baiskeli ya timu, leo anasema mdogo wangu ndiye aliyetuangusha mbio za Mbozi

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa na hasira na nitajitahidi nisitukane. Nikiteleza, mods mnivumilie. Karibu yote nitakayosema nilikuwepo, nilichohadithiwa nitasema. Najua humu wamo watu waliokuwa uwanjani siku ile, kama nitaongeza chumvi wajitokeze waseme.

Hii habari nilishaimeza. Sikuwa na mpango wa kuileta humu.

Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini pale Vwawa, nimekaa zangu na sahani ya pilau. Mzee mmoja wa meza ya mbele akapewa kipaza sauti awape maharusi nasaha. Akawapa. Katikati ya nasaha akachomekea kwamba wanawake wa siku hizi wanalia wapewe nafasi, ukiwapa wanaiogopa. Mfano akasema ni mkwe wake mwenyewe, aliyeiangusha timu ya baiskeli mbele ya umati.

Ukumbi ukacheka.

Huyo mkwe ni mdogo wangu, tumbo moja. Pilau ilinishinda nikaiacha pale pale.

Kwa hiyo leo naisema yote, mwanzo mpaka mwisho. Vuteni viti.

Mimi ni Mndali wa Ileje ila maisha yangu yako Tunduma. Kazi yangu ni baiskeli. Wanaoijua Tunduma wananielewa: unapakia mafuta ya kula, sukari, sabuni, unga, chochote kile, unavuka nacho upande wa Zambia, unarudi na kingine. Maswali kuhusu njia ninazopita sitajibu.

Mdogo wangu nitamwita Tuse. Ameolewa Iyula, kwa Wandali wenzetu waliohamia kule zamani kufuata ardhi ya kahawa. Mume wake anaitwa Lusajo. Ni shemeji mzuri, sina neno baya juu yake isipokuwa moja, nitalifikia.

Baba yake Lusajo nitamwita Mzee Kalinga. Siyo jina lake, lakini akisoma atajijua.

Sasa kuhusu Tuse. Kule Iyula shamba lao liko bondeni na mashine ya kumenya kahawa iko juu kilimani. Msimu ukifika, kahawa mbivu inapandishwa kwa baiskeli, gunia limefungwa nyuma kwa mpira. Wanaume wengi wakifika katikati ya kile kilima wanashuka wanasukuma. Tuse hashuki. Nimemwona kwa macho yangu anawapita watu wanasukuma, anawasalimia, anaendelea. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, bado hashuki.

Siyo kwamba namsifia kwa kuwa ni wangu. Muulize mtu yeyote wa Iyula.

Basi ikaja kampuni moja na mashindano ya baiskeli za milimani, ya kupokezana. Timu ni watu wanne, mmoja lazima awe mwanamke, na baiskeli ni moja. Njia inazunguka mashamba ya kahawa na vilima vya karibu na Mbozi Mission. Mmoja akimaliza raundi anamkabidhi mwenzake baiskeli, mwenzake anaondoka, hivyo hivyo toka asubuhi mpaka alasiri. Timu yenye raundi nyingi ndiyo inashinda.

Zawadi zilikuwepo, siyo ishu. Ishu ni kwamba walitangaza atakuja kocha wa timu moja ya Arusha, na atachagua mwanaume mmoja na mwanamke mmoja awachukue kambini. Huko unafundishwa, unakula, unalala, unakuwa mwendesha baiskeli hiyo ndiyo kazi yako.

Tuse alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Kaka, hiyo nafasi ya Arusha ni yangu."

Nikamwambia tulia kwanza, hujaona wenzako.

Akasema, "Miaka yote ule mlima naupanda na gunia nyuma. Nataka niupande sina kitu, nijue uwezo wangu unaishia wapi."

Nikamuuliza mume anasemaje. Akampa simu Lusajo, na Lusajo akaniambia kwa mdomo wake, "Akichaguliwa ataenda. Kahawa nitabeba mwenyewe." Hapo nilimpenda sana yule kijana.

Timu ikawa mimi, Tuse, na kijana mmoja wa Iyula anaitwa Nzunda, ana mapafu ya punda. Wa nne ni mwenzangu wa pale mpakani, Mulenga, mama yake wa huku na baba wa upande wa pili. Mulenga anapiga baiskeli na anaongea kwa wakati mmoja, hachoki kote kuwili.

Waandaaji wakasema kila timu iwe na mlezi. Mtu mzima mwenye heshima yake, wa kupokea baiskeli na kusimamia vijana. Mzee Kalinga ni mnunuzi wa kahawa, mzee wa kanisa, ana pickup. Akasema yeye atatulea. Nani angekataa? Tulipiga makofi, na mimi nilipiga.

Baiskeli ilikuja mapema kabisa. Nataka mlishike hili. Jamaa aliyeileta alisema mbele yetu wote, "Mnapewa mapema ili mzoee gia na breki. Msipoizoea itawasumbua." Ilikuwa nzuri wakuu, nyekundu, matairi yana meno, gia mbele na nyuma, bado imefungwa nailoni ya kiwandani.

Mzee Kalinga akasema wamesikia, asante sana. Akaipandisha kwenye pickup.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuiona ikiwa nje mpaka siku ya mbio.

Sebule ya Mzee Kalinga mnaijua hata kama hamjafika. Makochi yamevalishwa vitambaa vya kufuma. Kuna kabati la glasi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kunywea. Baiskeli ikawekwa kati ya kabati na televisheni. Nailoni haikutolewa. Baada ya muda na yenyewe ikafumiwa kitambaa, ikavalishwa kwenye kiti.

Wageni wakaanza kuja kuiona. Wanakwaya walikuja. Wanunuzi wenzake wa kahawa walikuja. Mzee anakaa pembeni yake na chai, anawaeleza gia zinavyofanya kazi, mtu ambaye hajawahi kukalia hata ile ya kawaida tangu aliponunua gari.

Wakuu tuseme tu ukweli, huu ugonjwa ni wetu sote. Kila mmoja humu nyumbani kwao kuna sahani zinazomsubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Kitu kizuri hakitumiki, kinatunzwa. Mama yangu ana blanketi toka nasoma shule ya msingi liko kwenye mfuko wake. Lakini blanketi la mama halina mbio za kukimbia!

Sisi tukawa tunafanya mazoezi na Phoenix, zile baiskeli zetu za mizigo. Tunakutana Iyula kila nikipata upenyo wa kutoka Tunduma. Tunafunga debe za mahindi nyuma, tunapanda kile kilima, tunashuka, tunapanda tena. Mapafu yalikuwepo, miguu ilikuwepo. Tuse alikuwa anatuacha mbali mpaka Mulenga akaanza kumwita "engine".

Lakini Phoenix haina gia. Na breki zake mnazijua. Ukishuka na mzigo unaikamata breki kwa nguvu zote mpaka vidole vinakufa ganzi, ndiyo ipunguze kidogo. Sisi mikono yetu imezoea hivyo. Kumbukeni hilo pia.

Nikaamua kwenda kumwona mzee. Sasa hapa mnielewe nafasi yangu. Yule ni mkwe wetu. Dada yangu yuko kwenye nyumba yake. Siwezi kwenda pale na mdomo wa Tunduma. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikanunua sukari, nikaenda na Mulenga.

Tukakaribishwa chai. Nikazunguka weee na habari za mvua na bei ya mbolea, ndipo nikasema, "Baba, tulikuwa tunaomba kama inawezekana tuwe tunaichukua baiskeli kwa mazoezi, jioni tunairudisha."

Akacheka. "Kijana, kitu cha mashindano hakichezewi. Mnataka ifike uwanjani imechakaa kama ya muuza samaki?"

"Walisema tuizoee, Baba."

"Baiskeli ni baiskeli. Nyie si ndiyo mafundi wa baiskeli?"

Mulenga akaiangalia pale ilipovalishwa kitambaa, akaninong'oneza, "Awe mwandi, hapana jamani. Iyi ni baiskeli ama ni bibi harusi?"

Nikambana kwa kiwiko. Nikamshukuru mzee kwa chai. Tumetoka pale nimekasirika, na usoni natabasamu kama mjinga, kwa sababu mke wake alikuwa anatusindikiza.

Bado sijafika kwenye lenyewe.

Kwa wasiojua, kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja anaacha njia, anageuka, anajifunika. Hakai naye chumba kimoja. Hampi kitu mkononi wala hapokei kitu mkononi mwake. Familia nyingi siku hizi wameacha, hasa wa mjini na wale walioshika dini sana. Kwa Mzee Kalinga hawajaacha. Ni mzee wa kanisa, ana smartphone, ana dish juu ya bati, ila kwenye hilo hataki utani. Tuse anatumia mlango wa nyuma toka siku aliyoolewa.

Kwa hiyo angalia. Sisi wanaume tulikuwa tunaiona baiskeli tukienda kusalimia. Mpandaji wetu bora kuliko wote alikuwa hawezi hata kuingia chumba ilipo.

Aliigusa mara moja tu. Mzee alikwenda msibani Vwawa, Lusajo akamfungulia mlango wa sebule mchana. Tuse alinisimulia. Alipiga magoti pembeni yake, akaingiza vidole chini ya nailoni, akawa anabonyeza kile kidude cha gia huku Lusajo ameinua tairi la nyuma anazungusha pedali kwa mkono. Anabonyeza, anasikiliza mnyororo unavyohama. Akawa anamuuliza Lusajo, hii nyepesi ni ya kupandia, siyo? Hii nzito ya kushukia? Wakafanya hivyo mpaka wakasikia pickup. Tuse akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake yote ya gia.

Karibu na mbio nikarudi tena kwa mzee, peke yangu. Nikamwambia, Baba, siku ile Tuse atakuwa anapokea baiskeli pale mstarini. Tunaomba wewe usiwe karibu, au kama kuna namna ya wazee kulegeza hili jambo, tulimalize kabla.

Akasema, "Mila hatuilegezi kwa sababu ya baiskeli." Halafu akanipiga piga bega. "Ila usiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa kwenye turubai na wageni. Mstarini nitaenda kufanya nini?"

Maneno yake hayo, wakuu. Mstarini nitaenda kufanya nini.

Siku ya mbio ikafika. Watu walijaa. Kulikuwa na timu kutoka Vwawa, Mlowo, Tunduma mjini, kuna vijana wa Saza wachimbaji wa dhahabu wenye mapaja kama magogo, mpaka wafugaji kutoka bonde la Momba. Mzee Kalinga akaja na suti ya kijivu na tai, baiskeli nyuma ya pickup imelazwa juu ya godoro. Nailoni bado ipo! Akakataa isitolewe mpaka mgeni rasmi apite aione. Kwa hiyo timu zingine zinapasha misuli, zinajaribu breki, sisi tumesimama kama walinzi tunalinda nailoni.

Mgeni rasmi akapita. Hata hakuitazama.

Raundi ya kwanza nikaanza mimi. Nilibadilisha gia vibaya kwenye kilima cha kwanza, mnyororo ukatoka. Nikashuka, nikaurudisha, ukatoka tena. Timu zote zikanipita, watoto wa shule wananiimbia. Mikono imejaa grisi, machozi yananitoka, siyo ya uchungu, ya hasira. Mimi ninayeishi kwa baiskeli nashindwa kuendesha baiskeli.

Nikamkabidhi Nzunda. Nikamwambia gia usiguse kabisa. Hakugusa gia. Akagusa breki. Kule kwenye mteremko wa mtoni akaikamata kama anavyoikamata ya Phoenix, kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikasimama, yeye akaendelea na safari. Alirudi mkono umechubuka kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja, wakamfunga bandeji.

Mulenga akaenda kwa akili, akarudisha nafasi kidogo.

Halafu Tuse. Alikuwa amevaa suruali ya traksuti ya Lusajo, ameikunja chini, na helmeti ya waandaaji. Akapokea kwa Mulenga, akaondoka.

Sijui niseme nini. Kilima ambacho mnyororo ulinitoka mimi, yeye alipofika chini yake alibonyeza ile gia nyepesi mara moja tu, akakaa kwenye kiti, akapanda kama anasindikizwa. Tulikuwa tunamwona toka uwanjani, kijitu kidogo chekundu kinapita watu. Alipita wanaume. Mmoja wa wale wachimbaji alijaribu kumfuata, akaishia kushuka. Uwanja wote ukawa unapiga kelele, mtangazaji hajui hata jina lake, anasema huyo mama, huyo mama!

Alivyomaliza, yule kocha wa Arusha akaja mpaka kwetu. Kijana mwembamba, mpole, ana saa shingoni. Akasema hakuna mwanamke aliyempata Tuse, hakuna hata wa kumkaribia. Lakini akasema, "Nataka nione kama anaweza kurudia akiwa amechoka. Kambini hatuangalii raundi moja. Akirudia hivi hivi, huyu naondoka naye."

Tuse alikaa chini, akanywa maji. Nilimwona anatabasamu peke yake.

Tukazunguka tena, mimi, Nzunda na bandeji yake, Mulenga. Sasa tumeanza kuizoea, taimu inaenda vizuri. Ikabaki raundi moja ya Tuse, ya pili na ya mwisho, kabla ya kipenga. Kocha akasogea mstarini na saa yake.

Mulenga akawa anakuja. Tuse amesimama kwenye mstari, amefunga helmeti, mikono tayari.

Na mimi naangalia pembeni, namwona Mzee Kalinga anashuka kutoka kwenye turubai.

Na mpiga picha nyuma yake.

Alisikia uwanja unamshangilia mtu wa timu yake, basi akili ikamruka. Akapenya kwenye kamba, anapunga mkono, watu wanampisha. Mulenga akafika, akashuka, anataka kumpa Tuse baiskeli, mzee akaudaka usukani. "Lete hapa. Nitamkabidhi mwenyewe." Akageuka kwa mpiga picha, akanyoosha tai.

Tuse akageuka. Akachuchumaa pale pale kwenye mstari, mgongo kwa mzee, uso chini. Alikuwa hana khanga, hana kitenge, ana helmeti tu. Akajifunika kwa mikono.

Wanaojua mila wakanyamaza. Wasiojua, na ndiyo wengi, wakaanza kucheka. "Anaogopa! Anaogopa!"

Mulenga akapiga kelele, "Awe mwandi! Mzee, acha baiskeli! Acha!"

"Kijana, mimi ndiye mlezi wa timu hii."

Nikasogea. Mikono nimeiweka nyuma kwa heshima, wakuu, mpaka leo nikikumbuka nilivyoweka mikono nyuma nataka kupasua kitu. Nikasema, "Baba, tunaomba. Mwachie Mulenga. Rudi nyuma kidogo tu."

"Nimesema nakabidhi mwenyewe."

Halafu akamwangalia Tuse pale alipochuchumaa. Nikaona amekumbuka. Naapa nilimwona usoni. Alikumbuka yule ni nani na amefanya nini. Hatua mbili nyuma zilikuwa zinatosha. Amwachie mtu usukani, aende zake, mambo yaishe.

Lakini watu wanatazama. Mpiga picha anasubiri. Atarudi vipi nyuma mtu mzima na suti?

Lusajo alikuwa nyuma ya kamba na chupa ya maji ya mke wake. Akasema, "Baba..." Mara moja, kwa sauti ya chini, basi. Hilo ndilo neno langu baya juu yake. Nilitaka aseme mara ya pili.

Mzee akamsukumia Nzunda ile baiskeli. Nzunda, mwenye bandeji! Akasema kwa sauti, watu wasikie, "Panda wewe. Huyu ameogopa."

Nzunda ni kijana wa pale pale Iyula, anauza kahawa kwa mzee yule. Akapanda. Alivyorudi, kipenga cha mwisho kilishapigwa.

Kocha alikuja baadaye. Akamwinamia Tuse, akamuuliza kwa upole, "Dada, ulishindwa nini?"

Tuse akasema, "Sikushindwa."

Kocha akasubiri aendelee. Hakuendelea. Angesema nini? Amseme baba mkwe wake mbele za watu? Nikamvuta kocha pembeni nikamweleza mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamlaumu. Akasema, "Nimekuelewa kaka. Lakini kwenye saa yangu mdogo wako ana raundi moja. Yule wa Mlowo ana mbili." Akamchukua wa Mlowo. Ni dada mzuri, hana kosa.

Na Tuse siku ile ile alirudi Iyula, akaingia jikoni, akapika chakula cha wageni waliokuja kumpongeza mzee kwa ulezi.

Hapo sasa ndipo nilipo.

Nilienda Ileje kumweleza mama. Mama hakulia wala nini. Alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza swali moja, "Kwani yeye Kalinga hakujua mkwe wake yuko pale?"

Nikasema alijua.

"Sasa aliendaje?" Akaacha maharage. "Kukwepana siyo kazi ya binti peke yake. Baba mkwe naye anakwepa. Akisikia mkwe yuko kisimani, hapiti kisimani. Anakohoa kwa mbali ili mtoto wa watu apate nafasi ya kupita. Huyo ndiye aliyemkosea mwenzake. Angekuwa baba yako hai, Kalinga angeletwa hapa kulipa faini."

Wakuu, kichwa kilizunguka. Maana mimi mwenyewe nimekua naiona hii mila kama mzigo wa dada zetu. Kumbe na wazee wana upande wao, ila wameuacha kimya kimya, wakabaki kuusimamia ule wa wanawake. Tuse aliishika mila mbele ya umati, kwa gharama ya kitu alichokitaka kuliko vyote. Mzee aliivunja kwa ajili ya picha. Na aliyeitwa mwoga ni Tuse. Na harusini anachekwa Tuse, hayupo hata wa kumtetea, kaka yake yuko pale na pilau.

Nilichojifunza, nitasema kwa ufupi maana hasira zinarudi.

Ukipewa kifaa cha kazi, kitoe nailoni siku hiyo hiyo. Mlezi wa timu msimchague kwa sababu ana gari, chagueni mtu ambaye mnaweza kumwambia hapana. Na nyie wanaume wenzangu mliooa, siku mke wako anamhitaji mtu wa kusema neno, sema mpaka lisikike. Baba yako hatakufa.

Jana nilimpigia Tuse nikamwambia nataka kuandika. Akasema, "Kaka andika, ila usiandike kwamba nilionewa. Andika taimu yangu." Sina karatasi yake wakuu, aliyekuwa nayo ni kocha. Ila kuna mtu humu alikuwa uwanjani, najua yupo. Jitokeze useme uliona nini kwenye kile kilima.

Wandali na Wanyakyusa wa humu, hasa wazee, nataka kusikia kutoka kwenu: kwa mila yenyewe, faini ni ya nani pale? Na wengine wote karibuni, nishaurini nimfuate mzee au niache. Mkitaka kunitukana mimi nitukaneni, nimezoea. Atakayeandika hapa chini kwamba Tuse aliogopa, aje kwanza Iyula msimu wa kahawa, tumfungie gunia moja nyuma, tumwonyeshe mashine ilipo.